Kumwajiri dada wa kazi kutoka Myanmar ukiwa Singapore: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila familia mpya inapotua Singapore kutoka Dar, Mombasa au Nairobi. Dada wa kazi anapatikanaje huku? Serikali inadai nini? Na akifika, namwanzishia wapi, ilhali hajui Kiswahili na Kiingereza chake bado cha kubahatisha? Nimekuwa nikiyajibu kwa simu, kipande leo na kipande kesho. Hapa nayapanga kwa utaratibu.

Kwanza nikuambie ninachokiamini. Karatasi za serikali ni suala la kufuata maelekezo tu. Kazi yenyewe ni kuishi na mtu mzima aliyeiacha familia yake ili aje kuihudumia ya kwako, na kuhakikisha analala, anakula, anashika mshahara wake mkononi na anaweza kumpigia mama yake simu. Sisi tunaijua habari hii kutoka upande wa pili. Tumewasikia dada zetu waliokwenda Oman na Saudia wakisimulia pasipoti kufungiwa kabatini na mishahara kucheleweshwa. Huku, ufunguo wa kabati unao wewe.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Umri wa miaka 21 au zaidi, na usiwe umetangazwa mufilisi. Si lazima uwe raia. Mgeni mwenye kibali cha ajira anaweza kuajiri, ila Wizara ya Nguvukazi, ambayo hapa kila mtu huiita MOM, itatazama kipato chako.
- Mahali pa kulala pa heshima: kitanda, godoro, feni au dirisha la kuingiza hewa, na faragha. Chumba chake mwenyewe ndicho bora. Nyumba ikiwa ndogo anaweza kulala na binti zako, lakini kamwe asilale chumba kimoja na mwanamume au kijana wa kiume.
- Bajeti ya mambo manne mbali na mshahara: ada ya wakala, bima, dhamana, na tozo ya kila mwezi.
- Mtu mzima wa kushinda naye nyumbani angalau wiki mbili za kwanza. Wengi huliruka hili, halafu mwezi wa pili wanalalamika kwamba msichana hajui kazi.
- Orodha ya kazi, iliyoandikwa. Si ya kichwani.

Hatua ya 1: Amua kazi yenyewe ni ipi

Kaa na mwenzio muandike: mtoto mchanga, mzee wa kuogeshwa, kupika, kufua, mbwa. Mtu mmoja hawezi kulea pacha usiku, kumpeleka mkubwa shule asubuhi, na bado ukute pilau mezani saa sita. Chagua mawili makubwa, mengine yawe ya ziada. Orodha hii ndiyo utakayomsomea siku ya usaili, na ndiyo itakayowaamua mkija kutofautiana.

Hatua ya 2: Fanya kozi ya waajiri

Ukiwa unaajiri kwa mara ya kwanza, MOM inakutaka upitie kozi ya waajiri wapya ya takribani saa 3. Unaweza kuifanya mtandaoni. Imalize kabla ya kutuma maombi, maana bila hiyo hayapiti.

Hatua ya 3: Chagua wakala kwa macho makavu

Hakiki leseni yake kwenye orodha ya mawakala iliyo katika tovuti ya MOM. Kisha muulize swali ambalo wengi hawaliulizi: msichana huyu anaingia na deni la shilingi ngapi?

Nieleze hapo, kwa sababu ndipo matatizo mengi huanzia. Sheria ya Singapore inamzuia wakala kumtoza mfanyakazi zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, na isizidi miezi miwili. Lakini juu ya hiyo kuna gharama za huko kwao: mafunzo, pasipoti, vipimo, na watu wa kati waliomtoa kijijini mpaka Yangon. Mara nyingi mwajiri hulipa fungu lote mwanzoni, kisha hulikata kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi. Matokeo yake msichana anafanya kazi miezi kadhaa bila kushika chochote cha maana, wakati nyumbani wanasubiri. Huyo ndiye atakayelia usiku, na huyo ndiye atakayekopa kwa watu wabaya.

Kwa hiyo pendelea wakala mwenye deni dogo na anayekuonyesha mchanganuo kwa maandishi. Ukiweza, beba sehemu ya gharama wewe mwenyewe. Ukishindwa, sambaza makato ili kila mwezi abakiwe na pesa ya kutuma nyumbani, hata kidogo.

Hatua ya 4: Msaili kwa video, na uwe msikivu

Kisheria lazima awe mwanamke wa miaka 23 au zaidi, asiyefika 50, aliyesoma angalau miaka 8. Usitosheke na karatasi ya wasifu ambayo wakala amekujazia. Omba video, na omba mkalimani ambaye si wakala.

Usiulize maswali ya ndiyo na hapana. Wasichana wengi wa Myanmar wamelelewa kutomkatalia mkubwa usoni, kwa hiyo atakujibu ndiyo hata asipoelewa. Badala ya “unaweza kulea mtoto?” sema “nieleze mdogo wako alipokuwa na homa mlifanya nini.” Badala ya “unaogopa mbwa?” mwonyeshe mbwa. Ukiishi ghorofa ya 18, geuza kamera aone urefu ulivyo.

Muulize pia anatoka wapi, na usichukulie kwamba wote ni wamoja. Kuna Wabamar, Wachin, Wakachin, Wakaren, Washan na wengineo, kila kundi na lugha yake. Wengi ni Wabudha, ila Wachin na Wakachin wengi ni Wakristo, na kanisa siku ya Jumapili ni jambo kubwa kwao. Babu zetu wa Keya, askari wa Afrika Mashariki katika jeshi la Waingereza, walipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw huko Myanmar, chini ya milima ya Wachin. Huenda msichana utakayempokea anatoka vijiji vya upande huo huo, na ni vizuri ukijua.

Kwa nyumba ya Kiislamu, zungumzeni chakula wazi wazi. Mwambie nguruwe haingii nyumbani, naye mwulize asichokula. Wabudha wengi wa Myanmar hawagusi nyama ya ng’ombe, na wako watakaoipika ila hawataila. Mweleze Ramadhani ni nini, na kwamba yeye halazimiki kufunga.

Hatua ya 5: Maombi, dhamana na bima

Wakala ataomba kibali mtandaoni, na ukikubaliwa utapata barua ya idhini ya awali. Upande wa Myanmar naye lazima awe na kadi ya utambulisho ya mfanyakazi wa ng’ambo. Bila kadi hiyo anaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege wa Yangon, tiketi ikaungua. Hakikisha ipo kabla hujakata tiketi.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, lote. Watu wa Myanmar kwa kawaida hawana jina la ukoo, basi usilikate vipande ili kuridhisha fomu.

Utakayoyalipia:

- Dhamana ya dola 5,000 za Singapore. Mara nyingi hutoi taslimu, kwani kampuni ya bima hukuwekea.
- Bima ya matibabu isiyopungua dola 60,000 kwa mwaka, na ya ajali isiyopungua 60,000.
- Tozo ya kila mwezi: dola 300 kwa msaidizi wa kwanza. Familia za raia zenye mtoto chini ya miaka 16, mzee wa miaka 67 au zaidi, au mlemavu, hulipa 60. Wewe mgeni hesabu 300.

Onyo. Utasikia mtu akikushauri umfungie ndani “usije ukapoteza dhamana.” Si kweli. Akivunja masharti yanayomhusu yeye mwenyewe, nawe ulimweleza masharti hayo na umetoa taarifa MOM, dhamana yako haiguswi. Akitoroka, nawe umefanya juhudi za kumtafuta na kuripoti, unapoteza nusu tu. Hiyo dhamana haikupi ruhusa ya kuwa askari jela.

Hatua ya 6: Andikeni mkataba, kwa lugha anayoielewa

Mshahara, kiasi cha makato na yanaisha lini, siku ya mapumziko, saa za kulala, kazi zenyewe, nani analipa tiketi. Singapore haina kima cha chini cha mshahara kwa kazi hii, kwa hiyo kilichoandikwa ndicho kinga yake. Apate nakala yake kwa Kiburma.

Na kuna kukubali ambako wewe usikukubali. Piang Ngaih Don, msichana wa Kichin wa miaka 24 na mama wa mtoto mdogo, alikuja Singapore mwaka 2015. Aliajiriwa kwa makubaliano kwamba hatakuwa na simu wala siku ya mapumziko. Alinyimwa chakula na usingizi, akapigwa, na Julai 2016 akafa akiwa na uzito wa kilo 24. Mwajiri wake alihukumiwa miaka 30 jela mwaka 2021. Kuna masharti ambayo hata mwenyewe akiyaridhia kwa shida zake, wewe huna haki ya kuyapokea. Simu na mapumziko ni miongoni mwayo.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Mpokee Changi mwenyewe ukiweza. Anayekuja kwa mara ya kwanza lazima ahudhurie mafunzo ya siku 1 ndani ya siku 3 tangu afike, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, na apimwe afya ndani ya wiki 2. Wakala hupanga, wewe fuatilia.

Siku ya kwanza mpe vitu vitatu kabla ya kumpa ufagio: laini ya simu na nywila ya waifai, kitanda kilichotandikwa, na chakula cha moto. Apige simu nyumbani aseme amefika. Myanmar iko nyuma ya Singapore kwa saa moja na nusu, kwa hiyo akimaliza kazi saa tatu usiku, kwao ni saa moja na nusu, watu bado wako macho.

Pasipoti yake ikae kwake. Kumshikia ni kosa kisheria, hata ukisema unamtunzia.

Jina la kumwita mkubaliane. Watoto wetu wamezoea “dada”, basi wamwite Dada na jina lake, si jina tupu. Unapowasikia watoto wakimwamrisha bila adabu, warekebishe palepale mbele yake.

Hatua ya 8: Mfundishe kwa mikono

Huenda anatoka kijiji wanakopikia kuni. Jiko la gesi, pasi ya mvuke, mashine ya kufulia na lifti vyote ni vipya. Fundisha jambo moja au mawili kwa siku: fanya wewe akiangalia, mfanye pamoja, kisha afanye peke yake ukiangalia. Halafu umwache.

Anza na vitu vya hatari. Panga chupa za usafi mstari mmoja juu ya kaunta. Jiki bandika alama nyekundu, dawa ya choo alama nyekundu, sabuni ya sahani kijani. Mwonyeshe kwa vitendo kwamba nyekundu mbili hazikutani kwenye ndoo moja, maana jiki na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa ya sumu. Mwambie aziguse chupa na akurudishie maelezo kwa ishara. Ukimwona anaziba pua kwa kiganja na kutikisa kichwa, ameelewa.

Madirisha ni jambo la uhai na kifo. Kwenye ghorofa, upande wa nje wa dirisha hausafishwi mpaka iwepo nondo iliyofungwa, na awepo mtu mzima anayemsimamia. Ni sheria tangu 2012, baada ya wasichana kuanguka na kufa. Hata nguo za kuanika kwenye miti ya bambuu, mfundishe asiinamie nje.

Jikoni mtaelewana haraka kuliko mnavyodhani. Sambusa anaijua, kwao huitwa samusa na huikatakata wakaila kama saladi yenye mchuzi, kabichi na limau. Chapati za kusukuma na mafuta anazijua kwa jina la palata. Wali wa viungo na kuku wanao pia, huuita danbauk. Anzia hapo, kisha nenda kwenye maharage ya nazi na mchicha. Ugali muache mwishoni, mkono wa kusonga unachukua muda.

Chakula chake mwenyewe kisikupite. Mtu wa Myanmar asipokula wali huhisi hajala. Kipande cha mkate na chai si chakula cha mchana cha mtu anayefanya kazi ya miguu siku nzima. Mpe rafu yake kwenye friji, na mruhusu aweke ngapi yake, ile dagaa ya kusaga iliyochachushwa, kwenye chupa inayofunga vizuri. Harufu yake ni kali, kama papa wetu mkavu tunavyowasumbua majirani. Mwezi wa Ramadhani, mchana mwachie sufuria yake na umwambie kwa kinywa chako kwamba ale, la sivyo atashinda njaa kwa aibu ya kula peke yake.

Hatua ya 9: Mshahara

Ulipe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwenye akaunti yake ya benki, na muwe na daftari la sahihi. Tangu 2019 mwajiri haruhusiwi kumwekea pesa zake, hata akikuomba.

Kutuma pesa Myanmar kumekuwa kugumu tangu mapinduzi ya Februari 1, 2021. Serikali ya huko inataka sehemu ya kipato ipite benki rasmi, ilhali wengi hutumia watu wa kati wanaowaamini, wanaohamisha pesa nje ya benki. Usimpangie, ila mwombe aanze na kiasi kidogo mpaka nyumbani wathibitishe wamepokea.

Hatua ya 10: Siku ya mapumziko

Ana haki ya siku moja kila wiki. Mnaweza kukubaliana afanye kazi baadhi ya siku hizo kwa malipo ya ziada, yasiyopungua mshahara wa siku, yaani mshahara wa mwezi kugawanya kwa 26. Mwenye dola 520 anapata 20. Lakini tangu Januari 1, 2023, angalau siku moja kila mwezi lazima atoke apumzike, hata ukimlipa mara tatu.

Mara ya kwanza nenda naye. Mpande treni mpaka City Hall, umwonyeshe Peninsula Plaza, jengo ambalo Jumapili hujaa watu wa Myanmar: vibanda vya mohinga (tambi zao za mchuzi wa samaki), chai ya maziwa, saladi ya majani ya chai, watengeneza simu. Kama ni Mbudha, mwonyeshe hekalu lao la Tai Gin Road. Kama ni Mkristo, atapata huko huko wa kumwelekeza ibada ya lugha yake. Mwandikie anwani ya nyumbani kwenye karatasi, usimpe saa ya kurudi ya kitoto, na ukimkuta jioni usimpokee na sinki la vyombo.

Katikati ya Aprili kuna Thingyan, mwaka mpya wao. Jaribu kumpa siku hiyo.

Makosa yanayorudiwa sana

Kumtuma akasafishe kwa shangazi au dukani. Kibali ni cha nyumba moja, na kumpeleka kwingine ni kosa lako.

Kamera chumbani au bafuni. Sebuleni unaweza kuweka, lakini mwambie ipo.

Kumkosesha usingizi. Kama mtoto anaamka usiku, mchana apate saa za kulala, na ziandikwe kwenye ratiba.

Kusahau vipimo vya kila miezi 6. Daktari huangalia pia uzito na dalili za kuteswa. Mpeleke kwa wakati na umwache aonane na daktari peke yake.

Mambo yakienda kombo

*Analia usiku wiki za mwanzo.* Ni ukiwa. Ongeza muda wa simu, punguza masomo ya kazi. Kwa kawaida hutulia akishapata rafiki wa lugha yake, ndiyo sababu siku ya mapumziko isicheleweshwe.

*Anasema ndiyo, kisha anafanya vingine.* Hakuelewa. Usipaze sauti, kwani sauti kubwa haitafsiri chochote. Tumia programu ya tafsiri kwa sentensi fupi, au picha za simu: sinki likiwa safi linaonekana hivi. Kisha mwambie akuonyeshe.

*Amebadilika ghafla, kazi imeporomoka.* Uliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza za jiko. Kuna vita. Tangu 2024 vijana wanaandikishwa jeshini kwa lazima, na tetemeko la Machi 28, 2025 liliangusha nyumba Mandalay na Sagaing. Inawezekana mdogo wake amechukuliwa, au mtandao umekatwa na hajasikia sauti ya mama yake siku kadhaa. Mpe siku moja. Utaona.

*Anapigiwa simu na watu usiowajua wakidai pesa.* Huenda amekopa. Mkae chini bila vitisho, mjue ni mkopeshaji mwenye leseni au la. Kama si halali, ripotini polisi pamoja. Usilipe kimya kimya, watarudi.

*Bibi hamtaki.* Wazee wengi hukataa kuogeshwa na mgeni. Mwezi wa kwanza ogesha wewe, dada ashike taulo. Mabadiliko yaje taratibu.

*Umekasirika mpaka mkono unataka kuinuka.* Toka nje ya nyumba. Hapa adhabu ya kumdhuru mfanyakazi wa ndani inaweza kufika mara mbili ya ile ya kawaida, na hata isingekuwepo sheria, huyo ni mtoto wa mtu. Mkishindwana, rudi kwa wakala, au piga simu Kituo cha Wafanyakazi wa Ndani, CDE, ambacho husuluhisha pande zote mbili. Naye mpe namba yao tangu wiki ya kwanza, abaki nayo kwenye simu yake.

*Anataka kuondoka.* Mwulize anataka kurudi kwao au kuhamia kwa mwajiri mwingine. Ukiweza kumruhusu ahame, mruhusu, maana wengi kwa sasa wanaogopa kurejea Myanmar. Akirudi kwao, tiketi ni yako mpaka uwanja wa kimataifa ulio karibu na kwao. Lipa mshahara wote uliobaki kabla hajapanda ndege, mpe majibu ya vipimo vyake vya afya na nakala ya mkataba wake, na mwandikie barua ya sifa yenye namba yako ya simu, ili mwajiri anayefuata aweze kukuuliza.